Mbona Hapa Panarusha na Pale Pametulia? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Safari za Treni

Tangu treni za SGR, ile reli mpya ya kisasa, zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, barua za kulinganisha treni haziishi kutufikia. Wa Mbeya analinganisha na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, aliyezoea Reli ya Kati ana yake, na kila mmoja ana uhakika. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha na salamu ndefu tumezifupisha. Waliotuamkia, marahaba.

SWALI: Mimi na mdogo wangu tulisafiri usiku mmoja, treni moja, daraja moja la kulala. Mimi nilikuwa behewa la katikati ya treni, chumba cha katikati. Yeye alikuwa behewa la mwisho, chumba cha kwanza karibu na mlango. Nililala mpaka kukakucha. Yeye alishuka hoi bin taabani, anasema alirushwa usiku kucha. Anatia chumvi? *Msomaji, Iyunga, Mbeya*

JIBU: Hatii chumvi hata kidogo. Mlilipa nauli moja, lakini mlisafiri safari mbili.

Behewa la abiria hukalia bogi mbili (bogi ni fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa), moja karibu na kila ncha, na kila bogi ina ekseli mbili, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Tuchukue behewa la mita 20 ambalo bogi zake zimeachana mita 14, na kila ncha imetokeza mita 3 nje ya bogi. Springi tuziache kando kwanza. Bogi ya mbele ikikanyaga mahali palipoinuka sentimita 2, sakafu iliyo juu yake nayo itapanda sentimita 2. Katikati ya behewa patapanda sentimita 1 tu, kwa sababu bogi ya nyuma bado iko chini. Kwenye ncha, pale penye mlango na choo, patapanda karibu sentimita 2.4. Kwa hiyo kila bonde na kila nundu ya njia, mdogo wako aliipata zaidi ya mara mbili ya ulivyoipata wewe. Kuyumba kwa ubavu kunafuata hesabu hiyo hiyo. Ongeza kelele ya bogi chini ya godoro na mlango wa choo unaofunguliwa kila baada ya dakika chache.

La pili ni nafasi ya behewa kwenye treni. Behewa la katikati limeshikwa mbele na nyuma, na majirani zake wawili wanalizuia lisichezecheze. Behewa la mwisho limeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mkia wake uko huru kupepesuka. Kisha kuna mshtuko wa kuvutana. Viunganishi vya mabehewa huwa na ulegevu kidogo. Tuseme ni sentimita 2 kila kimoja: kwenye treni ya mabehewa 15, kichwa kimeshatembea sentimita 30 kabla behewa la mwisho halijahisi kitu. Linapohisi, linavutwa na treni ambayo tayari iko kwenye mwendo, na abiria anajikuta amegonga ukuta. Breki nazo zinaanzia mbele: hewa ya kwenye bomba la breki inachukua muda kufika nyuma, mabehewa ya mbele yanapunguza mwendo huku ya nyuma yakiendelea kusukuma. Dereva mzuri huondoka polepole mpaka ulegevu wote uishe, ndipo anaongeza nguvu. Ukiondoka stesheni bila kujua kwamba treni imeondoka, ujue mbele kuna fundi.

Behewa linalofuata kichwa halina shida ya mkia, ila lina honi, muungurumo na moshi, hasa kwenye mahandaki. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba la tatu au la nne kutoka kwenye kichwa, au la katikati kabisa. Ndani yake omba chumba cha kati: behewa lenye vyumba tisa, taka cha nne, cha tano au cha sita. Mkata tiketi hawezi kukuahidi mpangilio wa mabehewa, ila namba ya chumba anaiona.

SWALI: Sisi wa Iringa reli hatuna, treni tunaifuata Makambako. Nimepanda SGR hadi Dodoma na nimepanda ya kwetu hadi Dar. Ile ya Dodoma nilikunywa maji bila kumwaga. Je, ya kwetu inayumba kwa sababu njia yake ni nyembamba? *Kijana wa Mafinga*

JIBU: Upana unachangia, lakini si mshitakiwa wa kwanza.

Vipimo ni hivi: SGR ina milimita 1,435 kati ya reli na reli, TAZARA 1,067, na Reli ya Kati ya zamani 1,000. Reli ya upande mmoja ikididimia sentimita 1, behewa la SGR litainama kiasi cha nyuzi 0.38, na la TAZARA nyuzi 0.51. Ni theluthi moja zaidi, si mara tatu. Na njia ya milimita 1,067 inaweza kutulia vizuri sana. Njia nyingi za kawaida za Japani, ukiacha zile za treni za kasi za Shinkansen, ni za upana huo huo. Huko Queensland, Australia, treni ya umeme inayojiinamisha kwenye kona ilipita kilomita 210 kwa saa Mei 1999, juu ya njia yenye upana sawasawa na inayopita Mbeya. Upana haukuizuia.

Kinachotenganisha hizi mbili ni mambo mengine. Reli za SGR zimechomelewa zikawa uzi mmoja. Za zamani zimeungwa kwa vipande na boliti, na kila kiungo ni mlango wa mshtuko. Reli ya SGR ina uzito wa kilo 60 kwa mita, ya TAZARA kilo 45, na ukakamavu wa ile nzito dhidi ya kupinda ni karibu mara mbili. Gurudumu linapopita katikati ya taruma na taruma (yale yanayolazwa kukingama chini ya reli), reli nyepesi inabonyea zaidi. Halafu kuna umri. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na tuta la udongo lenye miaka hamsini limekwisha kukaa linavyotaka, sehemu moja limezama na nyingine limesimama.

Na kuna ardhi yenyewe, jambo ambalo walinganishaji wengi hulisahau. Njia ya TAZARA inapanda mpaka mita 1,789 juu ya usawa wa bahari pale Uyole, na kabla ya hapo imeshapanda ukingo wa nyanda kutoka Mlimba hadi Makambako, kipande chenye madaraja na mahandaki mengi kuliko kingine chochote katika kilomita zake 1,860. Kuna kona za nusu kipenyo cha mita 200. Kwenye kona kama hiyo, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mwili wako unasukumwa nje kwa nguvu ya asilimia 6 ya uzito wako, na ili usiisikie, reli ya nje lazima iinuliwe karibu sentimita 7 kuliko ya ndani. Kwa kilomita 60, inabidi iinuliwe sentimita 16. Haiwezekani kuinua kiasi hicho, kwa sababu njia hiyo hiyo inapitisha treni za mizigo zinazojikokota, nazo zingelalia reli ya ndani na kuila. Kwa hiyo wajenzi wanachagua kipimo cha kati, na treni ya abiria inapunguza mwendo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, linganisha SGR na kipande kilichonyooka cha bonde la Kilombero, usiilinganishe na kona za Uchindile.

Septemba 2024, jijini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Abiria wengi wanangoja mabehewa mapya. Sisi tungehesabu kwanza kilomita za kokoto zilizosafishwa na mataruma yaliyobadilishwa. Behewa jipya juu ya njia mbovu hutulia miezi michache, kisha magurudumu na shokapu zinakwisha na mambo yanarudi yalikokuwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Vwawa. Treni ikienda kasi imetulia, ikipunguza mpaka mwendo wa baiskeli inaanza kuyumba kushoto na kulia hadi mabegi yanaanguka. Si ingekuwa kinyume? *Mwalimu, Songwe*

JIBU: Mwalimu, kuna mayumbo mawili tofauti, na kila moja lina mwendo wake.

Ulilokutana nalo ni la mwendo mdogo. Behewa lililo juu ya springi lina mdundo wake wa asili: ukilisukuma ubavuni na kuliacha, litakwenda na kurudi mara moja katika sekunde moja na nusu hadi mbili. Sasa, mahali ambapo viungo vya reli havikukaa sambamba, kiungo cha kushoto kinaangukia katikati ya kipande cha kulia, behewa linainama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Vipande vikiwa vya mita 12 na treni ikienda kilomita 25 kwa saa, duru moja inachukua sekunde 1.7. Hapo mdundo wa njia umekutana na mdundo wa behewa, na kila kiungo kinaongeza kidogo, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila anaporudi. Ikifika kilomita 50, viungo vinapita haraka kuliko behewa linavyoweza kuitika, ndiyo maana ukaona imetulia. Hatari iko kati ya kilomita 20 na 35 kwa saa. Dereva hujua, na hupenda kupita mwendo huo upesi au kukaa chini yake kabisa. Tatizo ni pale kizuizi cha mwendo kinapomlazimisha akae humo humo. Viungo vikiwa sambamba pande zote mbili, behewa haliyumbi. Linachupa juu na chini.

Yumbo la pili ni la mwendo mkubwa. Magurudumu ya treni hayakuchongwa bapa. Yana mteremko mdogo, kwa kawaida 1 kwa 20, yakiwa manene upande wa ndani, na yote mawili yameshikana na ekseli moja. Ekseli ikisogea kushoto, gurudumu la kushoto linakanyagia sehemu nene na kujirudisha katikati. Linapita katikati, linakwenda kulia, linarudi. Kwa njia ya milimita 1,067 na gurudumu la kipenyo cha sentimita 84, ekseli ikiwa peke yake wimbi hilo lina urefu wa mita 13 hadi 14. Gurudumu likichakaa na mteremko ukawa mkali mara nne, wimbi linafupika kwa nusu, na kwa kilomita 50 kwa saa linapiga mara mbili kwa sekunde. Kwa bahati mbaya, mwili wa binadamu huchukia kuyumbishwa ubavuni hasa kati ya mara moja na mbili kwa sekunde. Dawa yake ni kuchonga upya magurudumu karakana na kuweka shokapu kati ya bogi na behewa.

Ili ujue uko kwenye lipi, pima mwendo. Treni ikiwa imesimama stesheni, pima kwa hatua urefu wa kipande kimoja cha reli, kiungo hadi kiungo. Zidisha mita hizo kwa 3.6. Jibu ni idadi ya sekunde za kuhesabu viungo. Kipande cha mita 12.5 kinakupa sekunde 45: viungo utakavyovihesabu ndani ya sekunde 45 ndiyo kilomita kwa saa. Viungo ishirini na nane, mwendo ni 28. Nguzo za kilomita nazo zinafaa: gawa 3,600 kwa sekunde ulizotumia kutoka nguzo hadi nguzo. Wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wataipenda hesabu hii.

SWALI: Nimesikia sauti nyingi chini ya behewa: ta-tam, ta-tam, kisha tik-tik-tik ya haraka, na milimani reli inalia kama filimbi. Ipi ya kawaida na ipi ya hatari? *Mzee mstaafu, Makambako*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tuanze na ta-tam: hicho ni kiungo. Ekseli mbili za bogi moja zinapita, kimya kidogo, kisha za bogi inayofuata. Asubuhi utaisikia kali zaidi. Reli ya mita 12.5 inaponyweshwa baridi ya alfajiri ya Juni huku kwenu, husinyaa. Tofauti ya nyuzi joto 50 kati ya reli ya jua la mchana na ya usiku wa baridi hubadilisha urefu wake kwa milimita 7. Mwanya unapanuka, gurudumu linadondokea. Mchana reli ile ile, mwanya ule ule umejifunga.

Tik-tik ya haraka ni gurudumu lenye bapa. Breki ilishika, gurudumu likaburuzwa bila kuzunguka, likalika upande mmoja. Kila mzunguko, bapa linapiga reli. Gurudumu la sentimita 84 lina mzingo wa mita 2.64, kwa hiyo kwa kilomita 40 kwa saa linapiga mara nne kwa sekunde. Kulitofautisha na kiungo ni rahisi: kiungo kinasikika kikipita behewa kwa behewa, bapa halitoki chini yako. Hamia behewa la jirani. Ukiikosa sauti, tatizo liko kule ulikotoka. Mwambie mhudumu wa behewa, atapeleka taarifa. Bapa dogo linakera tu, lakini kubwa linapiga reli nyundo njia nzima, na kwenye baridi reli haipendi nyundo.

Filimbi ya milimani ni gurudumu linaloteleza ubavu kwenye kona kali, kwa kuwa ekseli ngumu haiwezi kugeuka kufuata kona. Haina hatari. Mishindo kadhaa mikubwa ya kufuatana karibu na stesheni ni pointi, pale njia inapogawanyika. Kinachostahili kuripotiwa mara moja ni chuma kinachoburuzika, harufu ya kuungua isiyokwisha baada ya mteremko, au moshi kwenye boksi la beringi.

SWALI: Kwa nini masika safari inaharibika zaidi? *Msomaji, Uyole*

JIBU: Kokoto chini ya mataruma, unene wa sentimita 25 hadi 30 hivi, zina kazi mbili: kusambaza uzito na kupitisha maji. Zikijaa udongo, maji hayapiti. Taruma likikanyagwa linabonyea, linasukuma tope juu, gurudumu likipita linanyonya tope zaidi. Baada ya wiki chache taruma linaning'inia kwenye reli badala ya kuishikilia. Ukisimama jukwaani treni inapopita taratibu, tazama chini: reli inayopanda na kushuka kwa macho, na tope lililorukia ubavu wa mataruma, ndiyo dalili. Kiangazi dalili yake ni vumbi jeupe la mawe yanayosagana. Gengi la mafundi wa njia likija na kuinua reli na kushindilia kokoto bila kwanza kuziba chanzo cha maji, mvua ijayo kazi inaanza upya. Mtaro uliozibuliwa mwezi wa kumi una thamani kuliko kushindilia mara tatu mwezi wa nne.

SWALI: Mama yangu ana tatizo la mgongo na anataka kwenda Dar kwa treni ili aweze kulala. Nimkatie kitanda gani? *Binti wa Tukuyu*

JIBU: Kwanza aulizwe daktari wake kama safari ya saa nyingi hivyo inamfaa. Akiruhusiwa, mambo yapo matatu.

Cha chini, si cha juu. Behewa huinama likizunguka sehemu iliyo karibu na springi, kwa hiyo unapokaa juu zaidi ndivyo unavyopelekwa mbali zaidi. Behewa likiinama nyuzi 2, anayelala mita 2 juu ya kitovu hicho anasogezwa sentimita 7. Wa chini hafiki 3. Daraja la kwanza la TAZARA lina vitanda vinne kwa chumba na la pili sita. Kwenye la pili, kitanda cha kati ni kibaya kwa mgongo, kwa sababu ya kukipanda kwa kujipinda. Vyumba hutenganishwa wanawake na wanaume isipokuwa mkikata chumba kizima.

Pili, chumba cha kati, kama tulivyomjibu wa Iyunga. Choo kitakuwa mbali kidogo, lakini avumilie. Akienda, aende treni ikiwa kwenye njia iliyonyooka na ashike nondo ya dirishani.

La tatu watu hawalijui. Vitanda vya vyumbani vimekaa kukingama na njia: kichwa dirishani, miguu kwenye mlango wa korido, au kinyume chake. Breki zikishikwa, mwili unabingirika kuelekea mbele ya treni. Kwa hiyo kitanda kizuri ni kile kilichoegemea ukuta wa mbele, yaani kile ambacho ukikikalia unakipa mgongo kichwa cha treni. Breki zitamsukumia ukutani, na ukuta unamshika. Akilala kitanda cha upande wa pili, breki zitamsukuma ukingoni. Mshtuko wa kuondoka unamsukuma kinyume, ni kweli, ila dereva akiwa makini huo ni mdogo na unatokea stesheni, watu wakiwa macho. Tiketi haionyeshi upande huu. Akifika chumbani amwombe mwenzake wabadilishane. Blanketi likunjwe liwekwe chini ya magoti akilala chali, na kila saa mbili ainuke anyooshe viungo.

SWALI: Napeleka parachichi na mayai Dar. Kwenye basi hupasuka, kwenye treni nako yanaiva upande mmoja mweusi. Nakosea wapi tena? *Mfanyabiashara, Njombe*

JIBU: Dada au kaka, hukutuambia unapakiaje, ila weusi wa upande mmoja tunaujua. Sio kwamba tunda lilianguka; limesuguliwa. Kreti ambayo haikujaa sawasawa humwachia tunda nafasi ya kurukaruka, na tabaka la juu ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu halina kitu juu yake cha kulituliza. La chini huumia kwa uzito.

Chuma yakiwa magumu. Tumia kreti za plastiki zisizozidi kilo 20, jaza mpaka ibaki sentimita 2 au 3, kisha weka magazeti yaliyokunjwa au majani makavu ya migomba juu, yabane kiasi, ndipo ufunike na kufunga kamba. Ukitikisa kreti kwa mikono miwili, usisikie kitu kikicheza. Mayai: trei za 30, ncha nyembamba chini, trei tano zikifuatana na ya sita tupu juu, zifungwe pande mbili kwa kamba pana. Mzigo wote ukae sakafuni, katikati ya behewa la mizigo. Wapakiaji hupenda kuweka karibu na mlango ili washushe haraka. Mlango ukiwa mwisho wa behewa, hapo ndipo bogi ilipo. Muombe msimamizi kwa upole, na ufike mapema. Na usiruhusu gunia la viazi la lumbesa lipangwe juu ya kreti zako: lile halisimami, linabingirika kona ya kwanza baada ya Makambako.

SWALI: Naweza kupima kwa simu ni treni ipi inarusha zaidi, ili ubishi uishe? *Mwanafunzi wa chuo, Mbeya*

JIBU: Kupima unaweza. Ubishi kuisha, hilo hatuahidi.

Simu nyingi zina kihisi cha mchapuko (acceleration), yaani jinsi mwendo unavyobadilika. Pakua programu ya bure iitwayo phyphox, chagua kipimo cha mchapuko bila mvutano wa dunia. Laza simu sakafuni, ibandike kwa gundi ya utepe pande nne. Usiiweke kitandani, godoro linakudanganya; wala usiishike mkononi. Rekodi vipande vya sekunde 60, na kwa kila kipande andika namba ya nguzo ya kilomita, mwendo, namba ya behewa na sehemu uliyopo. Washa GPS upate mwendo. Ukifika, toa data, pandisha kila thamani kwenye kipeo cha pili, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo. Fanya hivyo kwa wima na kwa ubavu, kila kimoja peke yake.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631-1 cha mwaka 1997, kinachohusu mitikisiko inayompata binadamu, kinasema chini ya 0.315, kwa mita kwa sekunde mraba, hakisumbui, 0.5 hadi 1 kinasumbua kiasi, 0.8 hadi 1.6 kinasumbua, zaidi ya 2 kinasumbua mno. Ngazi zinaingiliana kwa makusudi, maana watu hawafanani. Kumbuka kiwango hicho kinachuja mitikisiko kabla ya kuhesabu: wima kinaipa uzito ile ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ubavuni ya mara 1 hadi 2. Namba zako zisizochujwa zitakuwa kubwa zaidi. Kwa kulinganisha behewa na behewa hazina neno, mradi upime kilomita zile zile kwa mwendo unaokaribiana. Wengi hukosea hapo: wanapima treni moja ikiwa kilomita 30 kwa saa na nyingine 60, wanatangaza mshindi. Kosa la pili ni kupima dakika moja tu. Chukua walau vipande kumi kila behewa, na angalia pia kile kikubwa kuliko vyote, kwa sababu abiria haamshwi na wastani.

SWALI: Kikombe cha chai nikijaze kiasi gani? *Msomaji, Tunduma*

JIBU: Robo tatu kwenye njia iliyonyooka, nusu ukishapita Makambako kuelekea Mlimba. Kikombe kirefu na chembamba kinamwaga kidogo kuliko kipana. Ukiwa unamimina, kaa, weka kikombe mezani na usubiri kiungo kipite. Chupa ya chai isiwekwe meza ya dirishani bila kuzuiwa. Iweke sakafuni kati ya miguu, ukutani upande wa mbele.